Frank Julian Sprague: Jina Lililofutwa, Kazi Isiyofutika

Utangulizi

Katika jiji la New Orleans, kusini mwa Marekani, kuna tramu za rangi ya kijani ambazo hupita katika barabara ya St. Charles, chini ya mialoni mikubwa iliyotanda matawi pande zote mbili. Magari hayo yaliundwa katika miaka ya 1923 na 1924 na kampuni ya Perley Thomas ya North Carolina. Viti vyake ni vya mbao na madirisha yake hufunguliwa kwa mkono. Hayakuhifadhiwa katika jumba la makumbusho ili yatazamwe kwa mbali. Yangali kazini, yakiwabeba vibarua, wanafunzi na watalii kwa pamoja. Njia yenyewe ilianzishwa mwaka 1835, ikatiwa umeme mwaka 1893, na aghalabu hutajwa kuwa njia ya tramu iliyodumu kwa muda mrefu zaidi duniani pasipo kufungwa kabisa.

Abiria wa tramu hizo akiulizwa ni nani aliyeufanya umeme uburute gari barabarani, huenda akamtaja Thomas Edison, kwa kuwa jina hilo ndilo lililofundishwa shuleni na kuandikwa vitabuni. Jibu hilo si sahihi, na kosa lenyewe lina historia yake. Aliyeitoa tramu ya umeme katika hali ya jaribio la maonyeshoni na kuifanya chombo cha kutegemewa na jiji zima ni mhandisi Frank Julian Sprague. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanadhamiria kuonyesha jinsi jina la mtu linavyoweza kutengwa na kazi ya mikono yake, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kudumu mahali ambapo jina halikuachwa likae.

Utoto na Masomo

Sprague alizaliwa tarehe 25 Julai 1857 katika mji wa Milford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kofia. Mama yake alifariki mwaka 1866, Frank akiwa hajatimiza hata miaka kumi. Baba alielemewa na msiba huo, akaamua kwenda magharibi mwa nchi kutafuta riziki. Frank na nduguye mdogo Charles wakaachwa kwa shangazi yao, mwalimu wa shule, katika mji wa North Adams, jimbo la Massachusetts.

North Adams ulikuwa mji wa viwanda, na karibu nao mlima mzima ulikuwa ukitobolewa ili kupitisha reli ya Hoosac. Mvulana huyu alikua akisikia milio ya mashine na baruti. Shuleni alijitokeza kuwa hodari wa hisabati. Mwaka 1874 alikwenda katika mji wa Springfield akikusudia kufanya mtihani wa kujiunga na chuo cha wanajeshi wa nchi kavu cha West Point. Alipofika alikuta kuwa mtihani uliokuwa ukitolewa ni wa chuo cha wanamaji cha Annapolis. Hakurudi nyumbani. Aliufanya mtihani huo akaibuka wa kwanza. Hivyo basi, mtu ambaye angekuja kubadili usafiri wa nchi kavu alianza safari yake kwa kupelekwa baharini bila kutarajia.

Alihitimu Annapolis mwaka 1878. Manowari ya kwanza aliyopangiwa iliitwa Richmond, jina ambalo lingemrudia baadaye kwa sura nyingine kabisa. Akiwa katika manowari hiyo alizuru bara la Asia. Wakati wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alikuwa akijaza madaftari kwa michoro ya mota, taa na mitambo ya kila namna. Baadaye, katika manowari Lancaster, alitandaza nyaya za kengele za umeme, na mfumo huo ukawa wa kwanza wa aina yake katika jeshi la wanamaji la Marekani.

Moshi wa London

Mwaka 1882 palifanyika maonyesho makubwa ya umeme katika jumba la Crystal Palace, London. Sprague aliomba likizo ili ayahudhurie, akateuliwa kuwa katibu wa jopo la waamuzi wa mitambo ya gesi, dainamo na taa. Alivutiwa mno hata akapitisha muda wa likizo yake kwa miezi kadhaa, kosa ambalo lingeweza kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Kilichomwokoa ni ripoti ndefu na ya kina aliyoiandalia serikali kuhusu yale aliyoyaona.

Hata hivyo, somo lililomkaa zaidi hakulipata katika jumba la maonyesho bali njiani. Kila siku alisafiri kwa reli ya chini ya ardhi ya London, ambayo wakati huo ilivutwa kwa injini za mvuke. Moshi na masizi vilijaa katika mahandaki, abiria wakakohoa, taa zikafifia. Sprague alianza kuwaza namna ya kuviendesha vyombo hivyo kwa umeme, mkondo ukitoka kwenye waya ulio juu ya gari na kurudi kwa njia ya reli zilizo chini yake.

Yapasa kukiri kwamba wazo la gari la umeme halikuwa geni. Werner von Siemens alikuwa ameonyesha reli ndogo ya umeme jijini Berlin mwaka 1879, na mwaka 1881 akafungua tramu ya umeme katika kitongoji cha Lichterfelde. Huko Marekani, Leo Daft na Charles Van Depoele nao walikuwa wakijaribu bahati zao. Lakini mitambo ya wakati huo iliharibika mara kwa mara, ilishindwa na vilima, na haikuweza kuendesha magari mengi kwa pamoja. Miji iliendelea kutegemea farasi na baghala, wale chotara wa punda na farasi. Hatari ya utegemezi huo ilikuwa imedhihirika mwaka 1872, pale ugonjwa wa farasi ulipozagaa Marekani nzima, ukalemaza usafiri na biashara mijini.

Chini ya Kivuli cha Edison

Huko London, Sprague alikutana na Edward Johnson, mshirika wa karibu wa Edison. Johnson aliutambua uwezo wa kijana huyu, akamshawishi aache jeshi. Mwaka 1883 Sprague alijiuzulu uanamaji na kuingia katika kazi ya Edison.

Wawili hawa walikuwa na tabia mbili tofauti za kazi. Edison alipotaka kujua ukubwa wa nyaya zinazohitajika katika mji fulani, watu wake walitengeneza kielelezo kidogo cha mtandao wote na kukipima. Sprague, kwa hisabati aliyojifunza Annapolis, alionyesha kuwa hesabu ya saa chache ingetosha kutoa jibu lile lile. Alishiriki pia kusimamisha mitambo ya taa katika miji ya Sunbury na Brockton. Lakini moyo wake haukuwa katika taa. Edison aliuona umeme kwanza kama nuru, ilhali Sprague aliuona kama nguvu ya kusukuma. Kabla ya mwaka kuisha aliondoka, na mwaka 1884 akaanzisha kampuni yake ya mota na reli za umeme, Johnson akiwa msaidizi wake mkuu katika biashara.

Miaka iliyofuata ilizaa uvumbuzi muhimu. Kwanza, Sprague aliunda mota iliyodumisha kasi yake hata mzigo ulipobadilika, bila kurusha cheche nyingi. Pili, alibuni mpango wa kuifanya mota igeuke dainamo gari linapoteremka, ili irejeshe umeme kwenye waya huku ikilipunguza mwendo gari. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa tramu, alitafuta jinsi ya kuifunga mota chini ya gari. Mota iliyofungwa imara kwenye fremu hupoteza ulinganifu wa gia kila gurudumu linaporuka juu ya kiungo cha reli. Sprague aliegemeza upande mmoja wa mota kwenye ekseli yenyewe, na upande wa pili akauning'iniza kwa springi kwenye fremu. Kwa njia hiyo mota na ekseli zilitikisika pamoja, na meno ya gia hayakuachana. Ni rahisi kulieleza jambo hili leo, ila kabla yake hakuna aliyekuwa amelitimiza kwa namna iliyofaa kazi ya kila siku.

Jaribio lake katika reli ya juu ya New York mwaka 1886 halikufua dafu. Inasimuliwa kwamba tajiri Jay Gould, aliyekuwa na usemi mkubwa katika reli hiyo, alikuwa amesimama karibu na swichi ndani ya gari la majaribio pale fyuzi ilipolipuka. Gould alitaharuki akataka kuruka nje, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za mota za umeme. Mlango wa New York ulifungwa. Uliofunguka ulikuwa wa mji wa kusini, wenye vilima na udongo wa mfinyanzi.

Richmond

Mnamo Mei 1887 kampuni ya Sprague ilitia saini mkataba na wenye njia mpya ya tramu katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Masharti yake yalikuwa mazito. Ilitakiwa kujenga kituo cha umeme chenye mitambo ya mvuke ya nguvu za farasi 375, kutandaza nyaya juu ya kilomita zipatazo 19 za reli, na kutayarisha magari 40 yenye mota 80. Magari 30 yalipaswa kuweza kutembea kwa wakati mmoja. Kazi yote ilipewa siku 90, na malipo ya dola 110,000 yangetolewa tu iwapo mwenye mradi angeridhika. Hakuna mahali popote duniani ambapo kazi ya kiasi hicho ilikuwa imewahi kufanywa. Sprague mwenyewe, wakati wa kutia saini, hakuwa na zaidi ya michoro ya mambo mengi aliyoyaahidi.

Mara tu baada ya mkataba, alishikwa na homa ya matumbo, akalala kitandani kwa majuma mengi. Kazi iliachwa mikononi mwa wasaidizi wake wawili vijana, Oscar Crosby aliyetoka West Point na S. Dana Greene aliyetoka Annapolis. Sprague aliporejea alikuta reli zimetandazwa ovyo juu ya udongo laini, kona zake ni kali, na miinuko mingine inafikia mita 10 kwa kila mita 100. Alipoiona miinuko hiyo, yeye mwenyewe alitilia shaka kama magurudumu yangeshika reli.

Palibaki kujaribu. Usiku mmoja wa mwaka 1887, Sprague na Greene walitoa gari moja na kulielekeza kwenye kilima. Gari lilipanda mteremko mmoja baada ya mwingine hadi kileleni, nayo mota ikapata moto kupindukia. Huko juu, mbele ya umati uliokuwa umejikusanya kwa mshangao, gari liligoma. Sprague alifahamu mara moja kuwa mota imeungua kwa ndani. Hakutaka umati ujue. Akapaza sauti akimwagiza Greene aende kuleta vifaa vya kurekebisha hitilafu ndogo, kisha akazima taa na kujilaza kwenye kiti akingoja watu watawanyike. Muda si muda, vifaa vyenyewe vikawasili gizani: baghala wanne wenye nguvu, waliolikokota gari hadi karakana.

Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna funzo. Kilichohitajika si kuacha, bali kuunda gia mpya zilizoipunguzia mota mzigo. Miezi ya baridi ilipita katika hali hiyo. Brashi za shaba zilizopeleka mkondo kwenye mota zililika haraka mno, kiasi kwamba wafanyakazi walizibadilisha kila mara. Kigurudumu cha mlingoti kilichopaswa kubaki chini ya waya kiliruka kwenye kona na maungio, ikabidi miundo mingi ijaribiwe kabla ya mmoja kufaa. Radi zilipiga nyaya. Siku 90 zilipita zamani, na fedha za kampuni zilikuwa zikiisha. Mwishowe kazi hiyo iliiletea kampuni hasara badala ya faida.

Hata hivyo, tarehe 2 Februari 1888 njia ya Richmond ilifunguliwa rasmi, ikawa ya kwanza duniani ya ukubwa huo kutoa huduma ya umeme iliyofaulu katika mji mzima. Katika kiangazi cha mwaka huo alifika Henry Whitney wa Boston, mwenye kampuni kubwa ya tramu iliyotegemea maelfu ya farasi. Whitney alikuwa akifikiria kununua mfumo wa kuvuta magari kwa kamba ya chuma ipitayo chini ya ardhi. Meneja wake alishuku kama umeme ungeweza kuyaondoa magari mengi yaliyosongamana mahali pamoja. Usiku, baada ya shughuli za kawaida kwisha, Sprague alipanga magari 22 kwa mstari mmoja, akamwagiza mlinzi wa mitambo asiuache umeme ukatike kwa vyovyote vile. Ishara ilipotolewa, gari la kwanza lilisonga, kisha la pili, kisha la tatu. Msukumo wa umeme ulishuka kutoka volti 500 hadi karibu 200, taa zikawa kama makaa yanayozimika, lakini magari yote 22 yaliondoka. Whitney aliamua papo hapo. Boston ikachagua umeme, na miji mingine ikafuata kama maji yaliyobomoa ukuta. Kufikia mwaka 1889, njia zipatazo 110 zenye vifaa vya Sprague zilikuwa zimeanza kujengwa au kupangwa katika mabara kadhaa.

Jina Kufutwa

Ushindi huo ndio uliomponza. Kampuni ndogo ya Sprague ilikuwa ikinunua vifaa vingi katika viwanda vya Edison, na ukuaji wake wa ghafla ulihitaji mtaji ambao haikuwa nao. Katika miaka ya 1889 na 1890 kampuni hiyo ilimezwa na Edison General Electric. Sprague alilipwa vizuri. Alichoona kimemuuma si fedha, bali hatua zilizofuata: jina lake liliondolewa kwenye mota na vifaa alivyovibuni, na mahali pake likaandikwa jina la Edison. Mwaka 1890 alijiuzulu kwa malalamiko makali, akipinga kile alichokiona kuwa ni juhudi za kulifuta jina lake katika historia ya kazi yake mwenyewe.

Yafaa kutafakari uzito wa jambo hili. Wafanyabiashara walikuwa na sababu zao: jina la Edison liliuza. Lakini mashine, tofauti na kitabu, haina jalada ambalo msomaji hulirudia. Kibati kidogo kilichopigwa misumari ubavuni mwa mota ndicho pekee kinachomtaja aliyeibuni, na kibati kikibandukwa, msomaji wa kesho hana pa kuanzia.

Lifti na Treni

Sprague hakukaa akiomboleza. Mwaka 1892, pamoja na Charles Pratt, alianzisha kampuni ya lifti za umeme. Lifti zake ziliwekwa katika jengo la Postal Telegraph, New York, na zilithibitisha kuwa majengo marefu yanaweza kuhudumiwa kwa umeme mahali palipokuwa pakitumiwa mitambo ya maji. Kampuni hiyo baadaye iliuzwa kwa Otis.

Kutoka katika lifti alipata fikra nyingine. Iwapo mtu mmoja anaweza kuongoza mota nyingi za lifti kwa swichi moja, kwa nini dereva mmoja asiongoze mota za mabehewa mengi? Hadi hapo, treni ilivutwa na injini moja mbele. Sprague alipendekeza kila behewa liwe na mota zake, zote zikitii mkono wa dereva aliye mbele. Mwaka 1897 alichukua kazi ya reli ya juu ya South Side, Chicago, chini ya mkataba uliomtaka kuweka dhamana ya dola 100,000. Alikuwa amevunjika mguu na akitembea kwa magongo. Mnamo Julai mwaka huo, treni ya majaribio ya mabehewa sita ilionyeshwa mjini Schenectady, na aliyeiendesha ni mwanawe Desmond, mtoto tu, ili watazamaji waone wepesi wa kazi yenyewe.

Mpangilio huo umeenea duniani kote katika treni za mijini. Umefika pia Afrika Mashariki: miongoni mwa treni za umeme za Tanzania zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, zile ambazo wananchi wameziita Mchongoko huendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kampuni ya Sprague ya wakati huo nayo ilinunuliwa na General Electric mwaka 1902, na kwa mara nyingine kazi yake ikahamia chini ya paa la wengine.

Miaka ya Mwisho

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Sprague alishiriki katika tume iliyosimamia kutiwa umeme kwa reli zinazoingia kituo cha Grand Central, New York. Alibuni vifaa vya kuizuia treni isipite ishara ya hatari. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa katika bodi ya ushauri ya jeshi la wanamaji, bodi ambayo mkuu wake alikuwa Edison. Hivyo, wazee wawili waliogawanywa na suala la jina walijikuta wakiitumikia nchi katika meza moja.

Hakukosa heshima miongoni mwa wahandisi. Alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani, na mwaka 1910 alitunukiwa nishani ambayo, kwa kejeli ya majaliwa, ilikuwa na jina la Edison. Mwaka 1931, akiwa na miaka zaidi ya 70, alionyesha lifti mbili zikifanya kazi katika shimo moja bila kugongana. Mwaka uliofuata, alipotimiza miaka 75, wahandisi na viongozi wengi walimwandikia barua za pongezi zilizokusanywa katika mabuku.

Frank Julian Sprague alifariki jijini New York tarehe 25 Oktoba 1934, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Ndoa yake ya kwanza, na Mary Keatinge, ilikuwa imevunjika miaka mingi kabla, na mwaka 1899 alikuwa amemwoa Harriet Jones. Harriet ndiye aliyebeba mzigo wa kulitetea jina lake. Alihifadhi nyaraka, akaandika barua, na mwaka 1947 akachapisha kijitabu kupinga hadithi iliyompa Edison sifa za mumewe.

Tramu Kongwe na Urithi Wake

Wakati Harriet alipokuwa akilitetea jina, kazi yenyewe ilikuwa ikitoweka mitaani. Mabasi na magari ya binafsi yaliziba barabara, na mji baada ya mji uling'oa reli zake. Mwaka 1949 zamu ya Richmond ilifika. Tramu ziliondolewa, na magari yakateketezwa kwa moto. Mji uliouonyesha ulimwengu kuwa tramu ya umeme inawezekana haukubakiza njia hata moja ya kuikumbukia.

New Orleans nayo nusura ifuate mkondo huo. Mwaka 1964 tramu za barabara ya Canal zilikomeshwa licha ya malalamiko ya wakazi. Magari 35 ya Perley Thomas yaliponea chupuchupu na kubakizwa kwa ajili ya St. Charles. Mwaka 1973 njia hiyo iliingizwa katika sajili ya mahali pa kihistoria, na mwaka 2014 ikapandishwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Tramu zilirudi katika barabara ya Canal mwaka 2004, zikiwa na magari mapya mekundu. Mwaka mmoja baadaye kimbunga Katrina kiliifurikisha New Orleans. Magari mapya yalizama katika maji ya karakana yao. Yale ya kijani, yenye umri wa miaka zaidi ya 80, yalikuwa yamehifadhiwa mahali palipo juu, yakasalimika. Nyaya za St. Charles zilikuwa zimeharibika, kwa hivyo vikongwe hao walipelekwa Canal kuziba pengo la vijana wao.

Anayechungulia chini ya gari la St. Charles ataikuta mota imeegemea ekseli upande mmoja na kushikwa na fremu upande wa pili, kama Sprague alivyoelekeza katika miaka ya 1880. Mlingoti wenye kigurudumu ungali unaufuata waya juu ya paa. San Francisco nayo, tangu mwaka 1995, huendesha tramu kongwe katika barabara ya Market, yakiwemo magari yaliyoundwa Milan mwaka 1928. Na huko Connecticut, jimbo alikozaliwa, makumbusho ya tramu ya East Haven yana jengo lililopewa jina lake, na abiria hupanda magari ya zamani katika reli iliyo karibu na bahari.

Urithi huu hauna uzuri mtupu. Tramu ilimpa mfanyakazi uwezo wa kuishi mbali na kiwanda, lakini sheria za ubaguzi zilimfuata mtu mweusi hadi kitini. Mwaka 1904, katika Richmond ile ile, watu weusi walisusia tramu zilizowatenga, wakiongozwa na watu kama Maggie Walker na mhariri John Mitchell, wakatembea kwa miguu kwa miezi mingi. Katika New Orleans vibao vya kutenganisha abiria viliondolewa mwaka 1958 tu. Magari yale yale ya kijani ya miaka ya 1920 ndiyo yaliyobeba vibao hivyo. Kuyahifadhi yakiwa mazima, na kuyatumia, ni kuihifadhi historia hiyo pia, wala si mota na viti peke yake.

Hitimisho

Maisha ya Sprague yanaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba uvumbuzi si wazo linalomjia mtu mmoja ghafla, bali ni udongo wa Richmond, brashi zilizolika, gia zilizovunjika, baghala waliokuja usiku, na wasaidizi waliofanya kazi mwenye kampuni akiwa mgonjwa. La pili ni kwamba sifa haigawanywi kwa haki. Mwenye mtaji na jina kubwa huweza kuandika jina lake juu ya kazi ya mwingine, na vizazi vikaamini.

Lakini kuna aina ya kumbukumbu ambayo mwenye mtaji hawezi kuibandua, nayo ni ile inayotumika. Tramu iliyotiwa jumbani huhitaji maandishi ili ieleweke. Tramu iliyo mitaani hujieleza kila inapopanda kilima au kukata kona bila kuuacha waya. Miji iliyochagua kuyatunza magari yake na kuyaendesha, badala ya kuyachoma, imeutunza ushahidi wa kazi ya Sprague. Kazi iliyobaki ni ya wasomi na walimu: kulirudisha jina pale ambapo kazi yenyewe haikuwahi kuondoka.